Mfa Maji Aliyekaa Kimya

Nilikuwa namtazama.

Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia mkasa huu huniuliza kwanza kama nilikuwa kwenye simu. Sikuwa kwenye simu. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba chini ya kiti, na mimi nimekaa hatua tatu kutoka bwawa la watoto, sahani ya chipsi mayai mapajani, macho kwa binti yangu wa miaka mitatu na nusu.

Ilikuwa Idi pili, katika mojawapo ya zile hoteli za Dar ambazo siku za sikukuu hufungulia watu bwawa kwa kiingilio. Watoto wamejaa kama dagaa kwenye uteo. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza, maji yakimfika kiunoni, anamimina kwa kikombe cha plastiki na kuzungumza peke yake. Akashuka ngazi ya pili. Kisha nadhani aliteleza, ingawa kuteleza kwenyewe sikukuona. Nilichoona ni kwamba amesimama wima majini, kichwa amekilaza nyuma kidogo, uso unatazama juu, mdomo uko sawasawa na uso wa maji. Mikono ameitandaza pembeni, anayakandamiza maji taratibu kama mtu anayenyoosha shuka kitandani. Kikombe kinaelea karibu naye.

Nikawaza: anacheza. Hata nikatabasamu.

Msichana mmoja wa kama miaka kumi na mitano, ambaye simjui hadi leo, alipita katikati ya watoto, akamkamata makwapani, akamwinua na kumkalisha ukingoni. Binti yangu akakohoa, akatapika maji, ndipo akalia. Yule msichana akaniambia kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba ameangusha kitambaa:

"Mama, huyu alikuwa anakunywa maji."

Zile chipsi sikuzimaliza. Tulirudi na bajaji, mtoto kalala mapajani, nywele zinanuka dawa ya bwawa. Wiki sita zilizofuata nilikuwa nikifumba macho naiona ile mikono inanyoosha shuka.

Methali ilivyonidanganya

Mfa maji haachi kutapatapa. Tumefundishwa hiyo tangu darasani, na mimi nimeitumia nisivyoweza kuhesabu: kwa wanasiasa, kwa timu iliyokwisha fungwa tatu, kwa shemeji yangu mmoja na madeni yake. Kwa mambo hayo ni methali nzuri.

Kwa maji yenyewe, imeniponza.

Mimi nilikuwa nasubiri kutapatapa. Ndiyo maana nilikaa. Kichwani mwangu mtoto anayezama hupiga kelele, hurusha maji, huita mama. Huyu hakurusha hata tone. Nilipoanza kusoma usiku, mume wangu akidhani natazama tamthilia, nikakutana na jina la Frank Pia, mwokoaji wa ufukwe wa Orchard Beach, New York, ambaye karibu na mwaka 1970 aliwarekodi kwa kamera watu wakizama na kuokolewa. Alichokiona ndicho nilichokiona mimi nikiwa na sahani mapajani. Mwili wima. Miguu haipigi. Mikono inakandamiza maji upande upande. Hakuna sauti, kwa sababu pumzi ndiyo ya kwanza na sauti ni ya pili. Mdomo ukitoka juu ya maji kwa kufumba na kufumbua, muda huo ni wa kuvuta hewa, hautoshi kumwita mtu. Hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60, kisha mtu huenda chini. Mtoto mdogo yuko upande wa 20.

Wanaotapatapa na kupiga kelele wapo. Hao ni watu wanaojua kuogelea kidogo, wamechoka au wamebanwa na misuli, bado wana nguvu za kuomba msaada. Pengine hao ndio wahenga waliowaona. Wale wengine hawakuwaona mpaka walipokwisha.

Majini kuna majini

Mimi mtoto wa Tanga. Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Ukisimama Raskazone unakiona kisiwa cha Toten kama unaweza kukigusa. Nimekula samaki wa bahari ile tangu nilipoota meno.

Na sijui kuogelea.

Mama yangu alikuwa na sentensi moja aliyoitumia kwetu kama kufuli: "Usiende majini, kuna majini." Utotoni niliipenda kwa jinsi ilivyojikunja. Kaka zangu waliisikia pia, wakaenda. Wakirudi, mama alikuwa akiwashika mkono na kuukwaruza kwa ukucha. Ukibaki mstari mweupe, ngozi imekauka kwa chumvi, umetoka pwani, na fimbo ni halali. Walichapwa wakaenda tena kesho yake. Leo wote wawili wanaogelea kama pweza. Mimi mkono wangu haukuwahi kukwaruzwa. Hakuna aliyedhani kwamba mtoto wa kike angeweza kuwa huko.

Madrasa tulisomeshwa ile kauli inayonasibishwa kwa Sayyidna Omar, kwamba wafundisheni watoto wenu kuogelea, kulenga mishale na kupanda farasi. Niliijua kwa moyo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini nikiisikia nilikuwa nawaona wavulana tu, wakati neno "watoto" kwa Kiswahili halina mwanamke wala mwanamume.

Sitaki kumlaumu mama. Hofu yake haikutoka hewani. Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, mtaani kwetu msiba haukuwa wa kwenye redio. Tanga na Pemba ni nyumba moja yenye bahari katikati. Nakumbuka mama alivyokaa kibarazani bila kusuka ukili wake, akatazama upande wa bandarini, akasema, "Mnaona?" Tungemjibu nini?

Nilipomwambia mume wangu kwamba nataka mtoto afundishwe kuogelea, naye akaja na meli yake. Yeye ni mtu wa Singida, amekulia karibu na ziwa Singidani na hajawahi kuvua viatu ukingoni. "MV Bukoba," akasema. "Tarehe 21 Mei 1996. Unadhani hakukuwa na waliojua kuogelea mle ndani?"

Walikuwemo. Sikuwa na la kumjibu siku hiyo. Nimelipata baadaye: mwanangu hakuwa ndani ya meli inayozama Ziwa Victoria. Alikuwa kwenye maji yanayomfika mdomoni, nusu mita kutoka ukutani, na hakujua kwamba ukuta unashikika.

Hirizi ya elfu kumi na tano

Sasa hapa ndipo niliposumbuka, na naomba tusumbuke pamoja.

Ukitafuta faida za kuogelea kwa watoto wadogo utamwagiwa mvua ya sifa. Akili inafunguka, mapafu yanakua, mtoto anakuwa na nidhamu, anakula, analala, anahesabu. Mengi yameandikwa na watu wanaouza masomo ya kuogelea. Mimi muuza vitenge. Namjua muuzaji akianza kusifu rangi.

Basi nikachambua kidogo. Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, kiliwahoji wazazi wa watoto wapatao 7,000 walio chini ya miaka 5, na matokeo yalionyesha kwamba wanaoogelea wako mbele ya wenzao kwa mambo mengi, hata lugha na hesabu. Inapendeza. Lakini wenye shule za kuogelea walikuwa miongoni mwa wafadhili, na wazazi wanapoulizwa kuhusu watoto wao wenyewe, nani atasema wake ni mzito? Utafiti ulionikaa zaidi ni mdogo kabisa, wa Norway, wa mwaka 2010: watoto 19 waliopelekwa majini tangu wachanga wakalinganishwa na 19 ambao hawakupelekwa. Wa majini walikuwa bora katika kusimama bila kuyumba na katika kushika vitu kwa mikono. Watoto 38 tu. Lakini dai lenyewe ni la kiasi, linaaminika: mwili uliozoea mahali ambapo hakuna sakafu hujifunza kujiweka sawa.

Lililonigusa ni la uhai. Mwaka 2009 ulitoka utafiti Marekani uliowalinganisha watoto waliokufa maji na wenzao ambao hawakuzama, ukakuta kwamba kwa walio kati ya mwaka 1 na 4, masomo rasmi ya kuogelea yaliambatana na hatari ya kuzama kupungua kwa asilimia 88. Kabla ya hapo madaktari wa watoto wa huko walikuwa wakisema subiri hadi miaka 4. Mwaka 2010 walilegeza kamba, na mwaka 2019 wakasema wazi kwamba wengi wanaweza kuanza wakiwa na mwaka 1.

Asilimia 88! Nilitaka kumwamsha mume wangu.

Kisha nikasoma ya Shirika la Afya Duniani. Wao, wakizungumza na nchi kama zetu, wanapendekeza stadi za kuogelea kwa watoto wa kuanzia miaka 6. Kwa wadogo kuliko hao wanataja vitu vya kawaida kabisa: uzio, kifuniko cha kisima, na mtu mzima wa kuwaangalia. Bangladesh, ambako mabwawa yako nyuma ya kila nyumba, wameanzisha vituo vijijini ambako mama mmoja wa mtaa anakaa na watoto wadogo asubuhi, saa zile ambazo wazazi wako kazini. Vituo hivyo vimepunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Watoto wakishakua kidogo ndipo hufundishwa kuogelea, ndani ya bwawa lilelile la kijiji, kwenye jukwaa la mianzi lililozamishwa.

Kwa hiyo? Mwaka 1 au miaka 6?

Nilizunguka na swali hilo wiki nzima sokoni. Mwishowe niliona kwamba hawa wawili hawagombani. Wa Marekani anazungumza na mtu mwenye bwawa la bluu uani, mwalimu na mzazi aliye ndani ya maji pamoja na mtoto. Yule mwingine anazungumza na mama anayeacha mtoto wa miaka 2 na dada yake wa miaka 7 halafu anakwenda shamba. Mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao watoto wasiofika miaka 5, na walio wengi si watoto wa mabwawa ya hoteli. Ni watoto wa ndoo, visima, mito na mashimo ya mchanga yaliyojaa mvua.

Mimi niko katikati. Sina bwawa. Nina pipa la lita 200 uani kwa sababu maji ya bomba yanakuja yanapotaka, na nina elfu kumi na tano kwa kipindi nikibana. Hofu yangu ilikuwa kwamba nanunua hirizi. Kwamba nitamfunga mtoto hirizi ya masomo shingoni, kisha nirudi kwenye chipsi zangu.

Aliyezamishwa kwa hesabu

Mahali pa kwanza sipataji. Palikuwa pasafi, mapokezi wana tabasamu, watoto kumi na wanne na mwalimu mmoja.

Harufu ya bwawa ilikuwa kali hadi macho yanawasha, nami nikajisemea, afadhali, dawa ipo ya kutosha. Baadaye nimejua ni kinyume: harufu ile hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Bwawa zuri halinuki sana. Tuliache.

Mbinu ya mwalimu ilikuwa "kuwazoesha." Anamshika mtoto, anahesabu moja, mbili, tatu, anamzamisha, anamtoa. Wazazi ukingoni wanapiga makofi. Wengine walicheka na kutaka tena. Binti yangu zamu yake ilipofika alinitafuta kwa macho, akanipata, na hakulia. Aliendelea kunitazama tu hadi maji yalipomfunika.

Vipindi viwili. Baada ya hapo akakataa kuoshwa kichwa nyumbani. Mtoto ambaye alikuwa akipenda kopo la maji kuliko doli, sasa akisikia ndoo inaburutwa anakimbilia chini ya meza. Ilichukua siku tisa, kitambaa chenye unyevu na uongo mwingi, kuzisafisha nywele zile. Mume wangu hakusema neno. Alinyamaza kwa namna ya mtu mwenye meli yake ya kutaja.

Nilikuwa nimemfundisha mtoto sentensi ya mama yangu, kwa pesa.

Hodi

Wa pili alinielekeza mteja. Kijana wa Kigamboni, mtoto wa mvuvi, anafundisha watoto watatu kwa wakati mmoja kwenye bwawa dogo lisilo na viti wala miziki, na sharti lake moja ni kwamba mzazi anaingia majini.

"Mimi sijui kuogelea, mwalimu."

"Maji yanakufika kiunoni, mama. Utasimama."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi sikuvua, niliingia na suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na kilemba, nikiwa nimeshika ukuta kama daladala imefunga breki.

Siku ya kwanza hawakuingia zaidi ya magoti. Aliwapanga ukingoni akawafundisha kupiga hodi. Kweli. Mtoto anasimama, anasema "Hodi!", halafu anasubiri. Hakanyagi maji mpaka mtu mzima aliye ndani ajibu "Karibu." Asipojibiwa, anarudi nyuma. Wakarudia kama mara ishirini, na mara nyingine alinyamaza makusudi kuona nani ataingia bila kukaribishwa. Nilimwona binti yangu amesimama vidole vikiwa ukingoni, ameuma mdomo, anasubiri. Sijawahi kumwona akisubiri kitu.

Kupuliza mapovu hakukuitwa kupuliza mapovu. "Uji wa moto huo, puliza." Wakapuliza uji. Siku ya tatu puani mwao kuna uji, siku ya tano uso mzima uko ndani ya bakuli. Hakuna aliyezamishwa, walijizamisha.

Boya lilikuwa dumu tupu la mafuta ya kula, lita 5, kifuniko kimekazwa. Mtoto analikumbatia kifuani na kupiga miguu. Yale maboya ya kujaza upepo yanayovaliwa mikononi aliyakataa. Alisema humfundisha mtoto kusimama wima majini, na kusimama wima ndiyo njia ya kwenda chini. Nikaikumbuka ile mikono. Akasema pia kwamba humpa mama usingizi. Hilo sikulijibu.

Kisha chali. Hapa ndipo vita vilipokuwa. Kuelea chali kunamtaka mtoto aachie kichwa, masikio yaingie majini, tumbo liende juu, na kila kitu mwilini mwake kinamwambia kaa, jikunje, shika shingo ya mama. Wiki mbili alining'ang'ania. Mwalimu hakumlazimisha. Alikuwa anasema tu: "Tafuta kunguru." Na Dar kunguru hawakosekani. Siku moja binti yangu akawa anamtafuta kunguru wake angani, kiganja changu kiko chini ya kisogo, na nikahisi uzito unaondoka. Kama kuna mtu amekichukua kichwa chake kutoka mkononi kwangu. Nikashusha mkono inchi moja. Mwalimu akahesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Saa nzima nilikuwa nikisikia wazazi wakiuliza lini mtoto ataanza "kuogelea kweli." Kwangu mimi ilikuwa ni hapo. Baadaye likaja la kudondoka, kugeuka na kushika ukuta: unamwachia kutoka ukingoni, anazama kidogo, anageuka alikotoka, anashika. Mara hamsini. Hakuna mtindo wa kuogelea wenye jina humo. Lakini ndicho alichokikosa siku ya Idi pili.

Nilichokiona na nisichokiamini

Mtaniuliza kama akili imefunguka. Sijui. Anahesabu hadi kumi, lakini umri wake unahesabu hadi kumi.

Siku za bwawa analala saa moja na nusu jioni bila hadithi, na kabla ya hapo amekula wali sahani mbili. Hilo ninalo kwa ushahidi wa sufuria. Anasimama kwa mguu mmoja akivaa suruali, zamani alikuwa akiangukia kitanda. Ana pumzi: juisi ya mrija anaivuta kwa mkupuo mmoja, na maji yanapombana kifua ile misuli ya kupumua inafanya kazi zaidi, kwa hiyo hili naliamini. Anasubiri zamu. Kichwa anaoshwa, tena anataka kopo limwagwe usoni.

Yapo yasiyosifiwa pia. Mtoto mdogo hupoa haraka, maana maji huiba joto la mwili kwa kasi kuliko hewa. Dakika ya ishirini na tano midomo ya wangu huwa ya zambarau, na mwalimu humtoa hata kipindi kikiwa hakijaisha. Masikio yameuma mara moja. Na ndugu zangu wa Mwanza, Musoma na Bukoba msichukue makala hii mkawapeleka watoto ziwani kwenye magugu: kichocho kipo, na konokono wake wanapenda hapohapo penye maji machache yaliyotulia ambapo mama angedhani ni salama.

La kuniogopesha kuliko yote lilikuja baada ya kipindi cha nane. Tulikuwa tumealikwa kwa watu wenye bwawa uani. Sijaweka mkoba chini, binti yangu amekwisha kimbia kuelekea majini, mabega mbele, anacheka. Hofu yake yote tuliyokuwa tumeiondoa kwa uji na kunguru ilikuwa imeondoka kweli. Nikajiona nimefanya ujinga wa maisha. Mama yangu na fimbo yake angalau alikuwa na mtoto hai.

Akafika ukingoni, akasimama.

"Hodi!"

Hakukuwa na mtu majini. Akasubiri. Akasema tena, "Hodi!" Akageuka, akanitazama, amekasirika kwamba watu wa nyumba hii hawaitikii.

Sitaki kulitia chumvi. Ana miaka mitatu na nusu. Kesho angeweza kusahau, na mtoto wa vipindi vinane ndiye wa kuangaliwa kuliko asiyejua kitu. Sasa akiwa majini nakaa pale ninapoweza kumfikia kwa mkono. Hatua tatu ni mbali, hilo ninalijua kwa vipimo. Na wiki ile ile alipiga hodi kwenye pipa letu la uani, ndipo nilipogundua kwamba kifuniko chake kilivunjika tangu mwaka jana na tumekuwa tukifunika kwa ubao. Nimenunua kifuniko chenye kufunga. Kimenigharimu chini ya kipindi kimoja.

Nne

Mwezi uliopita tulikwenda Tanga. Nilimpeleka mama Raskazone alasiri, maji yamejaa, upepo wa kusi umepungua. Alikubali kuja kwa sharti kwamba hatakaribia. Alikaribia. Alisimama maji yakimfika kwenye vifundo, kanga ameinua kidogo, mkononi ameshika malapa ya mjukuu wake.

Binti yangu aliingia kwanza, nikiwa nimemshika. Kisha akanitazama na kuniambia nitoke. Nikatoka.

"Piga hodi, mama."

Nikapiga hodi baharini, nikiwa na miaka thelathini na minne, wavuvi wakitazama.

"Karibu," akasema, kwa sauti ya mwenye nyumba.

Mwalimu alikuwa amenifundisha kidogo kidogo, lakini bwawani, karibu na ukuta. Kaka yangu mkubwa akaja kumshika mtoto na akasimama karibu nami. Nikalala. Shingo ikagoma, miguu ikataka kushuka, nikamtafuta kunguru, akapatikana mmoja juu ya mnazi. Masikio yakaingia majini.

Kimya. Nilidhani naijua bahari ile. Sikujua kwamba ndani yake unasikia pumzi yako mwenyewe, inakwenda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja. Kwa pembeni ya jicho nilimwona mama ukingoni, mdomo wazi, malapa yameminywa kifuani. Nilimwona binti yangu mikononi mwa mjomba wake, midomo yake inasema kitu, sisikii ni nini.

Nikasimama ghafla, maji puani, kilemba kimenifunika jicho moja.

"Ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Umefika nne."